Kila Ijumaa, mstari mmoja kwa kila kazi uliyomaliza

Hii ni kwa watumishi wa umma Tanzania, tuliotoka OPRAS, mfumo wa zamani wa kupima utendaji kazi, na sasa tunapimwa kwa PEPMIS, mfumo wa kielektroniki ulioichukulia nafasi. Ijumaa kabla ya kutoka ofisini, andika mstari mmoja kwa kila kazi uliyokamilisha wiki hiyo: tarehe, namba ya lengo (kati ya malengo yako ya mwaka uliyokubaliana na msimamizi), matokeo, na ushahidi ulipo (namba ya jalada, muhtasari wa kikao). Andika matokeo, si shughuli. "Nimekagua hati za malipo" haipimiki. "Hati 60 zimekaguliwa, 4 zimerudishwa kwa kukosa viambatisho" inapimika.

Inasaidia kwa sababu mwaka wa fedha unaanza Julai, na tathmini ya Juni ikifika msimamizi anakumbuka zaidi ya Mei kuliko ya Septemba. Ila faida kubwa kwangu ni mistari inayokosa namba ya lengo. Hizo ndizo kazi za ziada ulizobebeshwa, na watu wengi wazuri wanapoteza alama hapo. Zikirundikana, mpelekee msimamizi kwenye mapitio ya nusu mwaka, Desemba, muombe malengo yarekebishwe wakati bado kuna muda.

Haifanyi kazi kama lengo lenyewe halina kipimo, mfano "kuboresha huduma". Hapo hata mistari mia haikuokoi. Kaeni kwanza mkubaliane idadi na tarehe. Na kama unashika taarifa za wagonjwa au za siri, andika namba ya jalada tu, usiweke majina kwenye simu yako.