Jinsi ya Kukisikiliza Kinanda cha Ukumbi: Kutoka Upepo Hadi Ngoma

Wengi wetu tulikijua kinanda kanisani, na siku hizi hata hicho cha kanisani mara nyingi ni cha umeme chenye spika. Somo hili linahusu vinanda vya mabomba vilivyojengwa kwa ajili ya kumbi za sinema na za dansi, hasa Marekani na Uingereza, kati ya miaka ya 1910 na ya 1930. Mfano wetu ni kinanda cha kampuni ya Wurlitzer kilichowekwa mwaka 1935 katika ukumbi wa dansi wa Blackpool Tower, Uingereza, chenye ngazi tatu za vibonye na safu 14 za mabomba (safu moja ni mabomba ya sauti ya aina moja, kuanzia noti za chini hadi za juu). Reginald Dixon, aliyekuwa mpigaji wa ukumbi huo tangu 1930 hadi 1970, ameacha rekodi nyingi. Tafuta mojawapo na uvae spika za masikioni kabla hatujaanza.

Hatua ya kwanza: upepo. Feni kubwa inayozungushwa na mota husukuma hewa kwenye mivukuto, na mivukuto huigawa kwa mkandamizo usiobadilika. Katika kinanda cha kanisa mkandamizo huo aghalabu huinua maji sentimita 7 hadi 10 ndani ya mrija wa kupimia. Katika kinanda cha ukumbi huyainua sentimita 25, na kwa baadhi ya mabomba zaidi ya hapo. Ndiyo sababu sauti yake ni nene na ya karibu. Ule mtetemo unaousikia, kama wa mwimbaji anayevuta noti, hutokana na kifaa kinachoutikisa upepo wenyewe mara kadhaa kila sekunde.

Hatua ya pili: mabomba. Kata kipande cha bomba la maji la plastiki chenye urefu wa sentimita 20, ziba upande mmoja kwa kiganja, kisha puliza mdomoni mwa upande wa pili kama unavyopuliza chupa ya soda. Ukifungua kiganja huku ukipuliza (inahitaji subira kidogo), sauti itapanda takribani okteva moja. Bomba lililozibwa hutoa sauti ya bomba la wazi lenye urefu maradufu, na hiyo ndiyo siri ya tibia, bomba pana la mbao lililozibwa juu, ambalo sauti yake ya mviringo ndiyo nguzo ya kinanda cha ukumbi. Mabomba membamba ya madini huiga fidla. Kundi la tatu lina ulimi wa shaba unaotetema ndani, jambo ambalo msikilizaji wa zumari halimpi shida kulielewa: humo mna tuba yenye kishindo na vox humana (Kilatini, “sauti ya binadamu”), ambayo kwa masikio yangu haifanani na binadamu hata kidogo.

Hatua ya tatu ndiyo inayowachanganya wengi, kwa hiyo isome polepole. Inakuwaje safu 14 tu zisikike kama okestra nzima? Jibu lilitoka kwa Robert Hope-Jones, Mwingereza aliyekuwa mhandisi wa simu kabla ya kuhamia Marekani na kujiunga na kampuni ya Wurlitzer mwaka 1910. Katika mfumo wake kibonye hakivuti kamba wala fimbo. Hufunga tu mkondo mdogo wa umeme, na sumaku iliyo mbali hufungua njia ya upepo, kama mtu anavyompigia mwenziwe simu. Kwa kuwa ni simu, bomba moja laweza kuitwa na vibonye vingi. Chukua safu ya filimbi yenye mabomba 97. Ngazi ya vibonye ina vibonye 61, na safu hiyo huitwa kwa vimo vinne vya sauti, yaani futi 16, 8, 4 na 2, kila kimoja okteva moja juu ya kilichotangulia. Kwa utaratibu wa zamani wa kanisani ungehitaji mabomba 244 kwa kazi hiyo hiyo. Hasara ipo: vibonye viwili vikiliita bomba moja kwa wakati mmoja, bomba hulia mara moja tu, na sauti hukonda pale ulipotarajia ijae.

Hatua ya nne: ngoma na vyombo vya kugongwa. Hapa hakuna kuigiza. Katika chumba cha mabomba, nyuma ya luva za mbao zinazofunguliwa kwa mguu ili kuongeza sauti, mna ngoma kubwa, ngoma ndogo, matoazi, tari, njuga na zailofoni, vyote halisi, na kila kimoja kina kirungu kinachosukumwa na mvukuto mdogo. Sikiliza zailofoni: kibonye kikishikiliwa, kirungu hugonga mfululizo, ilhali kengele hugongwa mara moja tu. Kwa sinema zisizo na sauti kulikuwa pia na honi ya gari, king'ora, kwato za farasi na ndege. Huyo ndege ni filimbi ndogo iliyopinduliwa mdomo ndani ya kikombe cha maji au mafuta. Kikombe kikikauka, ndege hugeuka mluzi wa kawaida.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, mpigaji ana mikono miwili tu. Ngoma anazipiga saa ngapi?

Ndugu yangu, huziunganisha na vibonye vya mkono wa kushoto na vya miguu, basi kila akipiga kodi (noti kadhaa kwa pamoja) au besi, ngoma nayo hulia. Aidha, baadhi ya ngazi zina mguso wa pili: ukikandamiza kibonye kupita kizuizi cha kwanza, sauti ya ziada huingia.

Shikamoo mwalimu. Je, sauti haichelewi kumfikia mpigaji?

Marahaba. Huchelewa. Mabomba yakiwa mita 17 kutoka kwake, sauti hufika baada ya sekunde 0.05 hivi. Mpigaji mgeni husubiri kujisikia na matokeo yake wimbo huzidi kupungua kasi; mzoefu hufuata vidole vyake.

Na joto la Pwani lingekiharibu?

Joto lisilobadilika si adui mkubwa. Nyuzi 10 zikiongezeka, mabomba yasiyo na ulimi hupanda karibu theluthi ya nusu-toni, lakini yale ya ulimi hayapandi kwa kiasi hicho, na hapo kinanda hugombana chenyewe. Unyevu ningeuogopa zaidi, kwa sababu ya mbao na ngozi za mivukuto.

Nimeona kwenye kinanda kibao kimeandikwa "Marimba". Ni marimba yetu?

Jina ni la Kibantu, na lilivuka bahari pamoja na Waafrika waliopelekwa utumwani Amerika. Ndani ya kinanda ni vipande vya mbao vyenye mirija ya kukuza sauti chini yake. Vibuyu tu ndivyo vilivyoachwa nyumbani.