Namna ya Kuripoti Taharuki ya Usalama wa Chakula Bila Kuwapotosha Walaji

Habari ya chakula kinachodaiwa kuwa na sumu au vimelea haifanani na habari nyingine za dharura, kwa sababu msomaji huipokea wakati chakula chenyewe kiko jikoni kwake, na pengine tumboni. Kwa hiyo, kabla ya kutafuta wa kulaumiwa, mwandishi anapaswa kueleza ni bidhaa ipi hasa inayohusika, aliye nayo aifanyie nini, na aliyekwisha kuila ajihadhari na dalili zipi.

Anza na utambulisho wa bidhaa, na uuweke juu kabisa ya taarifa: aina ya chakula, jina la kibiashara, ukubwa wa pakiti, namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi na maeneo ilikouzwa. Linganisha sentensi hizi mbili za kubuni. Ya kwanza: «Maziwa yenye sumu yazagaa madukani.» Ya pili: «Mamlaka imeagiza makopo ya gramu 400 ya maziwa haya ya unga, yenye namba ya toleo inayoonekana pichani, yaondolewe sokoni baada ya bakteria aina ya salmonela kugunduliwa ndani yake, matoleo mengine hayahusiki.» Ya pili ni ndefu na haina mvuto, lakini mzazi mwenye kopo mkononi anaweza kuligeuza, akasoma namba na kupata jibu. Picha nayo iwe ya bidhaa inayohusika, wala si picha yoyote iliyokutwa kwenye maktaba ya chombo cha habari.

Wahariri wengine huficha jina la kampuni kwa kuogopa kesi. Hofu hiyo inaeleweka, ila ina gharama yake. Mwaka 2008 nchini China, watoto wapatao 300,000 waliathirika na sita wakafariki kutokana na maziwa yaliyotiwa melamini, kemikali ya viwandani iliyofanya maziwa yaliyoongezwa maji yaonekane kuwa na protini ya kutosha. Taarifa za mwanzo zilitaja «kampuni fulani» tu, hadi gazeti moja la Shanghai lilipoitaja kwa jina mwezi Septemba. Kwa mzazi, «kampuni fulani» haikuwa habari. Ushahidi ukiwa imara na kampuni ikiwa imepewa nafasi ya kujibu, itaje.

Sehemu ngumu zaidi ni kupima ushahidi wenyewe, na hapa mfano wa Ujerumani mwaka 2011 unastahili kukumbukwa na kila chumba cha habari. Katikati ya mlipuko wa bakteria hatari wa jamii ya E. coli, mamlaka za Hamburg zilitangaza tarehe 26 Mei kwamba bakteria wa kundi hilo wamepatikana kwenye matango yaliyotoka Hispania. Tangazo lenyewe halikuwa la uongo, kwani bakteria walikuwapo kweli. Siku tano baadaye ikathibitika kuwa hawakuwa wa aina iliyokuwa ikiwaua watu, na tarehe 10 Juni lawama ikahamia kwenye mbegu zilizochipuzwa, ambazo baadaye uchunguzi ulizihusisha na uwatu. Wakati huo matango ya wakulima wasiohusika yalikuwa yameoza mashambani, na walaji walikuwa wamekaa wakiogopa chakula kisichokuwa chanzo cha mlipuko. Watu zaidi ya 50 walifariki.

Swali moja la mwandishi lingeweza kupunguza madhara: je, bakteria waliopatikana kwenye chakula ni walewale waliopatikana kwa wagonjwa? Ukiambiwa kwamba kipimo hicho bado kinaendelea, andika hivyo waziwazi. Kuna vipimo vya awali na vya uthibitisho, na kuna chakula kinachoshukiwa kwa sababu tu wagonjwa wengi walikumbuka kukila. Maneno «kinashukiwa», «kimegundulika» na «kimethibitishwa» hayabadilishani nafasi, hata kama kichwa cha habari kina upungufu wa herufi.

Kwenye takwimu, jihadhari na asilimia zilizosimama peke yake. Oktoba 2015 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliiweka nyama iliyosindikwa katika kundi moja na tumbaku, likasema kila gramu 50 zinazoliwa kwa siku huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa takriban asilimia 18. Vichwa vingi vya habari vikatangaza kwamba nyama hiyo ni sawa na sigara. Makundi hayo, hata hivyo, hupima uimara wa ushahidi, si ukubwa wa hatari. Tuseme katika watu 100 wangeugua watano: ongezeko la asilimia 18 lingewafikisha karibu sita. Msomaji akielezwa hivyo ataamua mwenyewe.

Usipokee maonyesho badala ya ushahidi. Mei 1990, waziri wa kilimo wa Uingereza, John Gummer, alimlisha binti yake baga mbele ya kamera ili kuonyesha kuwa nyama ya ng'ombe ni salama; mwaka 1996 serikali ilikiri uwezekano wa uhusiano kati ya ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe na vifo vya watu. Ugonjwa unaochukua miaka kujitokeza haupimwi kwa tonge moja. Kiongozi akitaka kula mbele yako, mwombe matokeo ya maabara.

Habari haiishi bidhaa inapoondolewa madukani. Katika mlipuko wa bakteria aina ya listeria wa Afrika Kusini, uliowaua watu zaidi ya 200, chanzo kilitangazwa Machi 2018 kuwa soseji ya poloni. Bakteria huyo huendelea kuzaliana ndani ya friji, na dalili zinaweza kuchelewa hadi siku 70, hivyo wajawazito, wazee na wenye kinga dhaifu huhitaji kukumbushwa kwa wiki kadhaa. Nayo tuhuma ikionekana haikuwa na msingi, masahihisho yachapwe mahali palepale ilipochapwa tuhuma, na habari ya zamani iliyobaki mtandaoni iwekewe juu kabisa sentensi yenye tarehe inayosema kwamba bidhaa hiyo haihusiki, kwa kuwa watu wataendelea kuisambaza kana kwamba imeandikwa asubuhi hiyo.