Unapeleka ng'ombe Nane Nane Nzuguni kwa mara ya kwanza? Anza na kamba

Mbukwenyi wadau. Kila mwaka ikifika Juni kuna mtu lazima anipigie, "kaka nataka kupeleka dume langu Nzuguni mwaka huu, nifanyeje", na mambo ni mengi salio linaisha hatujafika popote. Basi leo naandika, akiuliza mwingine namtumia hii.

Maonyesho haya ya wakulima na wafugaji ni tarehe 1 mpaka 8 Agosti, na sisi wa kanda ya kati, yaani Dodoma na Singida, uwanja wetu ni Nzuguni. 2024 na 2025 kitaifa yalifanyika hapohapo, kwa hiyo usidhani kwenye paredi ya mifugo utakutana na ng'ombe wa Bahi na Chamwino tu. Mi nasema anza Mei. Juni umechelewa ila inawezekana, Julai nunua maji yako ukakae kivulini uangalie wenzako.

Sasa wengi wanadhani kazi ni kunenepesha, hata mi nilidhani hivyo. Mara yangu ya kwanza nilikuwa na mtamba wa uzao wa Mpwapwa, mwekundu, mgongo umenyooka, nyumbani mpole mpaka watoto wanamvuta mkia hana habari. Tumeingia uwanjani, jamaa wa spika akapuliza tu maiki, fuu fuu, yule mnyama akaniburuza mpaka kwenye banda la wauza mafuta ya alizeti na kamba nilikuwa nimeizungusha mkononi (usizungushe kamba mkononi, kamwe, kidole changu hiki mpaka leo hakikunji vizuri). Na kosa sio lake, maskini, spika angeisikia wapi, kwetu kelele kubwa ni mbuzi wakipigana.

Kwa hiyo kamba kwanza. Mvishe kamba ya kichwani, ile inayopita juu ya pua na nyuma ya masikio, sio ya shingoni inayomkaba. Siku za mwanzo mfunge kwenye nguzo imara nusu saa hivi, we kaa hapohapo, msugue shingo, mpe pumba kidogo mkononi. Atavuta, mwache avute, ila hakikisha kamba haikatiki wala fundo haliachii maana akitoroka siku moja tu ameshajifunza kwamba inawezekana na utaanza upya. Akitulia ndio unaanza kutembea naye, we upo kushoto kwake, mkono wa kulia umeshika kamba karibu na kidevu, ncha inayobaki ipo mkono wa kushoto imekunjwakunjwa. Akisimama usimvute kwa mbele kama mnavutana kamba shuleni, atakushinda, ana kilo mia tatu we una sitini, mgeuze kichwa pembeni lazima atapiga hatua. Dakika 20 asubuhi na 20 jioni zinatosha ila iwe kila siku.

Akishazoea, mpe kelele. Washa redio bandani, mwambie kijana wa bodaboda apite anapiga honi, fungua mwamvuli mbele yake, mpitishe karibu na shule watoto wakitoka. Majirani watakucheka, mi walisema nimerogwa, natembea na ng'ombe jioni kama mchumba.

Dume ni habari nyingine. Dume kubwa avae pete ya puani na muwe watu wawili, na kama ana historia ya kupiga watu usimpeleke, hata awe mzuri vipi. Uwanja ule una watoto wengi.

Chakula sasa. Mei mpaka Agosti kwetu nyasi zinakauka, nguvu hamna, ndio utakuta mtu wiki mbili za mwisho anamjazia mashudu ya alizeti na pumba debe zima, ng'ombe anajaa gesi usiku na asubuhi unaita daktari badala ya lori. Hayo mashudu na pumba anza na nusu kilo kwa siku, panda taratibu ndani ya wiki mbili tatu, na majani makavu au mabua ya mtama yabaki kuwa ndio chakula chenyewe. Chumvi ya kulamba na maji muda wote, usimpimie.

Chanjo fanya mapema, angalau mwezi kabla, coz kinga haiji siku ya sindano, inachukua wiki mbili tatu. Homa ya mapafu, kimeta, chambavu, muulize afisa mifugo wako eneo lenu linadai zipi. Huyohuyo ndio ataangalia hereni ya utambulisho sikioni na kukupa kibali cha kusafirisha mifugo, na kibali usikisubirie siku ya safari, kuna mwaka nimekaa kwenye kizuizi cha mifugo barabarani saa nne nzima ng'ombe yupo juu ya Fuso jua linawaka kwa sababu ya karatasi moja. Kwato apunguziwe wiki tatu nne kabla, ukizikata kesho kutwa ni paredi atachechemea.

Kuosha: Julai na Agosti usiku wa Dodoma ni baridi na upepo, so muogeshe saa sita mchana, sabuni ya mche na brashi, masikio usiyamwagie maji. Osha wiki moja kabla na tena siku moja kabla, ila Nzuguni ina vumbi bwana, utabaki kupangusa na kitambaa kibichi mpaka uchoke. Mafuta kidogo kwenye kwato na pembe, basi, usimpake mwili mzima atavuta vumbi lote la mkoa.

Safiri alfajiri, sakafu ya gari mwaga mchanga au majani asiteleze, fika siku moja au mbili kabla apumzike. Beba ndoo yako mwenyewe, chepe, turubai, kamba ya akiba, na chakula anachokila nyumbani.

Siku yenyewe vaa koti jeupe na gambuti safi. Tembea polepole, jaji akikusimamisha panga miguu minne isimame sawa, kichwa juu, macho yako kwa jaji sio kwenye simu. Atakuuliza umri, uzao, anakula nini, amechanjwa lini. Umri usidanganye, wanafungua mdomo, meno mawili ya kikubwa yanatoka akiwa na miaka miwili hivi. Na kama ni Mpwapwa ujue unachokishika: alitengenezwa hapahapa kituo cha utafiti Mpwapwa, damu ya zebu wetu na Boran, Sahiwal na Red Sindhi wa Asia, na Ayrshire kidogo. Mi niliulizwa nikajibu "ni wa kisasa", jaji akatabasamu akaenda kwa mwenzangu.

Mkirudi usimwachie moja kwa moja kundini. Amelala jirani na ng'ombe wa mikoa mingine, na ugonjwa wa miguu na midomo hauna adabu. Mtenge wiki tatu, ndoo yake peke yake, na anayemhudumia aanze na wale wengine kwanza ndio aende kwake mwisho.