Kazi za Kiangazi Marekani: Mwongozo kwa Mwanafunzi wa Chuo Ambaye Bado Hajalipa

Miezi ya mwanzo wa mwaka ndiyo miezi ambayo matangazo ya kazi za kiangazi nchini Marekani husambaa katika makundi ya WhatsApp ya wanafunzi wa vyuo vikuu, na kila mara wapo wanaotuma ada kwa wakala kabla hawajaona hata ukurasa mmoja wa mkataba. Mwongozo huu ni wa mwanafunzi ambaye fedha yake bado iko mfukoni. Unahusu mpango mmoja tu, ule unaoitwa Summer Work Travel, unaosimamiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani kupitia viza ya J-1, na ambao msingi wake ni sheria ya mwaka 1961 ya kubadilishana elimu na utamaduni. Niliupitia mwenyewe nikiwa mwanafunzi, nikafanya kazi katika mji wa Ocean City, ufukweni mwa jimbo la Maryland, na nimewasaidia wadogo zangu kadhaa kujiandaa. Ninalotaka ulijue kabla ya mengine yote ni kwamba faida au hasara ya safari hii huamuliwa nyumbani, mkataba ukiwa mezani na kalamu ikiwa mkononi.

Masharti na kalenda

Masharti ya msingi ni machache. Unatakiwa uwe mwanafunzi wa kutwa katika chuo kilicho nje ya Marekani, uwe umemaliza angalau muhula mmoja, na ujue Kiingereza cha kutosha kufanyia kazi na kujieleza. Muda wa kazi hauzidi miezi minne, na ni lazima uangukie ndani ya likizo ndefu ya chuo chako, kwa sababu mpango umejengwa juu ya dhana kwamba utarudi darasani.

Hapo kwenye kalenda ndipo wengi hawatazami vizuri. Msimu wa utalii katika miji ya pwani ya Marekani huanza Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa Mei na kufifia baada ya Jumatatu ya kwanza ya Septemba, ambayo ni sikukuu yao ya wafanyakazi. Wateja hujaa Julai na nusu ya kwanza ya Agosti. Baada ya hapo familia hurudisha watoto shuleni, na mwajiri aliyekuwa akikuomba uongeze saa huanza kuzipunguza. Likizo ndefu ya vyuo vingi vya Tanzania huangukia kati ya Julai na Oktoba, nayo maana yake ni kwamba mwanafunzi hufika msimu ukiwa katikati. Vyuo vya Kenya havina kalenda moja, kwa hiyo mwanafunzi ambaye likizo yake huanza Mei ana nafasi bora zaidi kuliko mwenzake wa chuo jirani. Kama likizo yako inaanza mwishoni mwa Julai, tafuta mwajiri ambaye shughuli zake haziishi Septemba, au subiri mwaka mwingine.

Uraia nao una uzito wake. Mwezi wa Juni 2025, agizo la Rais wa Marekani lilisimamisha utoaji wa viza za J kwa raia wa nchi kadhaa, Burundi ikiwa mojawapo, na orodha ya namna hiyo hubadilika. Soma tovuti ya ubalozi wa Marekani katika nchi yako kabla ya kulipa ada yoyote, na usome tena kabla ya kulipia mahojiano.

Mdhamini, wakala na mkataba

Watu wawili huchanganywa sana katika jambo hili. Mdhamini ni shirika la Marekani lililoidhinishwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya nchi hiyo, na ndilo peke yake lenye mamlaka ya kutoa Fomu DS-2019, ambayo bila hiyo hakuna viza ya J-1. Wakala ni ofisi ya hapa nyumbani inayofanya kazi kwa niaba ya mdhamini. Unapoingia katika ofisi ya wakala, swali lako la kwanza liwe jina la mdhamini wake. Kisha nenda mwenyewe kwenye tovuti ya mpango wa J-1 ya serikali ya Marekani, utafute jina hilo katika orodha ya waliopewa kibali kwa aina hii ya mpango, na umwandikie mdhamini moja kwa moja kumuuliza kama anamtambua wakala huyo. Barua pepe hiyo haina gharama. Muhuri, picha za viongozi ukutani na ofisi iliyo katikati ya jiji si uthibitisho wa chochote. Wazazi wa kaunti ya Uasin Gishu, Kenya, waliolipia watoto wao masomo ya Finland na mwaka 2023 wakajikuta wakiandamana mjini Eldoret kudai fedha zao, nao walikuwa wamepewa stakabadhi.

Mwanafunzi kutoka nchi zetu, ambazo raia wake hawaingii Marekani bila viza, ni lazima awe amepata kazi iliyohakikiwa na mdhamini kabla ya kupewa DS-2019. Kwa hiyo mtu anayekwambia kuwa utatafuta kazi ukishafika anakudanganya, hata kama ni binamu yako. Zipo pia kazi zilizopigwa marufuku kwa washiriki: kazi za ndani katika nyumba za watu, uuzaji wa nyumba kwa nyumba, udereva, ujenzi, kazi za viwandani, ufungaji wa bidhaa katika maghala ya usambazaji, na kazi ambazo saa zake nyingi ziko kati ya saa nne usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Sehemu ya makatazo haya ilitokana na uchungu wa wanafunzi wenyewe. Mwezi wa Agosti 2011, wanafunzi wa J-1 waliokuwa wakipakia chokoleti katika ghala moja huko Pennsylvania waliacha kazi na kuandamana, wakilalamikia mizigo mizito, zamu za usiku na makato ya nyumba yaliyokuwa yakimeza mishahara yao, na mwaka uliofuata serikali ikakaza kanuni. Ukiona ghala katika ofa yako, rudisha karatasi.

Mkataba usome neno kwa neno, na uketi na mtu mwingine anayejua Kiingereza vizuri kuliko wewe. Tafuta kima cha malipo kwa saa, idadi ya saa kwa wiki, makato, mahali pa kulala, na tarehe ya mwisho wa kazi. Kuhusu saa, maneno mawili madogo yana uzito mkubwa: mkataba unaosema utapewa hadi saa 40 haukuahidi hata saa 20, lakini unaosema utapewa si chini ya saa 32 umekupa kitu cha kushika. Kuhusu malipo, kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 kwa saa tangu mwaka 2009, ingawa majimbo mengi yameweka kiwango cha juu zaidi. Maryland, kwa mfano, ni dola 15 tangu Januari 2024. Mhudumu wa mgahawa anayetegemea bakshishi anaweza kwa sheria ya serikali kuu kulipwa dola 2.13 tu kwa saa na mwajiri, na bakshishi ijazie pengo, hivyo uliza kama nafasi yako ni ya aina hiyo.

Hesabu ya mezani

Tuchukue mfano wa mwanafunzi anayelipwa dola 15 kwa saa, saa 32 kwa wiki, kwa wiki 12. Pato lake ni dola 5,760. Tukikadiria kodi ya serikali kuu na ya jimbo kuwa asilimia 15, hubaki dola 4,896. Chumba cha pamoja kwa dola 150 kwa wiki kitachukua 1,800, na chakula cha dola 70 kwa wiki kitachukua 840. Hubaki dola 2,256. Sasa weka upande wa pili gharama za kwenda: ada ya viza dola 185, ada ya SEVIS (mfumo wa serikali ya Marekani wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni na washiriki wa mipango kama huu) dola 35, tiketi ya kwenda na kurudi tuseme dola 1,400, na ada ya mdhamini na wakala tuseme dola 1,200. Jumla ni dola 2,820. Mwanafunzi huyu amefanya kazi miezi mitatu na anadaiwa dola 564.

Mpe mwanafunzi yuleyule saa 40 kwa wiki, bila kubadilisha kitu kingine chochote, naye atarudi na dola 660. Tofauti ya saa nane kwa wiki ndiyo inayotenganisha deni na akiba, na ndiyo sababu nimelisisitiza lile neno la mkataba. Viwango vya tiketi, chumba na ada niliyotumia hapa ni vya mfano. Weka vya kwako, vilivyoandikwa kwenye ofa, uone jibu. Kazi ya pili husaidia sana, lakini haiwezi kuanza mpaka mdhamini aihakiki, na kuianza kimyakimya ni kuhatarisha viza yako.

Kwa sababu hiyo nawaomba wazazi, kwa heshima zote, wasiweke hati ya shamba rehani kwa ajili ya safari hii, wala wasikope kwenye Sacco kwa matumaini kwamba mtoto atarejesha kwa mishahara ya kiangazi kimoja. Harambee ya ndugu ni afadhali, mradi ndugu wameelezwa ukweli kwamba kinachopatikana huko ni uzoefu, Kiingereza cha kazini na akiba ndogo.

Nyumba inahitaji tahadhari ya pekee, kwani katika miji ya utalii vyumba huwa haba na bei hupanda kadiri msimu unavyokaribia. Kama mwajiri anatoa malazi, uliza kwa maandishi ni watu wangapi katika chumba kimoja, ni umbali gani hadi kazini, na amana hurudishwa lini. Kama hatoi, mwombe mdhamini akupe majina ya wenye nyumba waliokwisha kupokea wanafunzi. Mimi nilituma amana kwa mtu niliyeona picha zake mtandaoni; tulipofika tulikuta chumba cha vitanda viwili kilichopangishwa kwa watu sita, na amana ile sikuiona tena.

Viza

Ukishapata DS-2019, utalipa ada ya SEVIS, utajaza DS-160, yaani fomu ya maombi ya viza, kwenye mtandao, utalipa ada ya viza na kupanga siku ya mahojiano ubalozini. Kwa mujibu wa sheria ya Marekani, afisa anaanza kwa kudhani kwamba unakusudia kuhamia huko, na kazi ya kuonyesha kinyume chake ni yako. Silaha yako ni chuo chako: barua ya msajili inayotaja tarehe ya kufungua muhula ujao, matokeo ya mitihani na taarifa ya karo. Jibu kwa ufupi, kwa Kiingereza chako mwenyewe, ukieleza unakwenda kufanya kazi gani, kwa nani, na unarudi kusoma nini. Usithubutu kuwasilisha taarifa ya benki ya kughushi, kwa kuwa uongo ukigundulika unaweza kukufungia mlango wa Marekani maisha yako yote.

Ubalozini utapewa pia kijitabu cha haki za wafanyakazi wa muda, kilichotokana na sheria ya mwaka 2008 ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu. Kisome kabla ya safari.

Ukishafika

Pasipoti na DS-2019 zikae kwenye mkoba wa mkononi, kwa maana afisa wa uhamiaji atazitaka uwanjani. Ndani ya siku 10 tangu kufika, mjulishe mdhamini kwamba umefika na unaishi wapi, na ukihama mjulishe tena ndani ya siku 10. Baada ya hapo atawasiliana nawe kila mwezi, nawe mjibu. Omba namba ya hifadhi ya jamii katika ofisi husika bila malipo yoyote. Unaweza kuanza kazi wakati namba inashughulikiwa.

Magari huko hupita upande wa kulia. Sisi tumezoea kutazama kulia kwanza tunapovuka, na mazoea hayo ni ya hatari Marekani, hasa kwa mwanafunzi anayerudi kazini usiku kwa baiskeli. Nunua taa na kofia ya kujikinga kwa mshahara wa kwanza. Bima ya mdhamini inapaswa kufikia angalau dola 100,000 kwa kila ugonjwa au ajali, lakini kanuni inaruhusu mshiriki abebe hadi dola 500 za mwanzo, kwa hiyo weka akiba ya kiasi hicho.

Andika kila siku saa ulizofanya kazi, uzilinganishe na hati ya mshahara. Mshiriki wa J-1 kwa kawaida hapaswi kukatwa makato ya hifadhi ya jamii na Medicare (bima ya afya ya wazee ya serikali), ambayo kwa pamoja ni asilimia 7.65; ukiyaona, mwoneshe mwajiri kwa upole na umwombe arekebishe. Mwajiri akichukua pasipoti yako ili usiondoke, akikutishia kukufukuzisha nchini, au akikunyima mshahara, piga simu kwa mdhamini siku hiyohiyo. Ipo pia namba ya kitaifa ya kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu, 1-888-373-7888, inayopokelewa saa zote.

Tarehe ya mwisho kwenye DS-2019 ikifika, unaruhusiwa siku 30 za kutembea na kujiandaa kurudi, lakini si kufanya kazi. Kabla ya kuondoka mwachie mwajiri anwani na barua pepe utakazozitumia nyumbani, kwa kuwa Januari atakutumia Fomu W-2 inayoonyesha mapato na kodi uliyokatwa. Kwa fomu hiyo utajaza fomu za kodi za wageni, yaani Fomu 1040-NR na 8843, pamoja na fomu ya jimbo ulilofanyia kazi, na kuziwasilisha kufikia tarehe 15 Aprili. Kama ulikatwa kodi zaidi ya inayostahili, kilichozidi utarudishiwa hata ukiwa Nairobi au Kisumu.