JavaScript inapogeuza aina ya data bila kuulizwa: izuie mlangoni

Ukiona 5 na 1 zinatoa 51, na konsoli iko kimya haina hata kosa moja, tatizo liko kwenye aina ya data. Hesabu yenyewe haina shida.

Hatua ya 1: Ielewe alama ya +

Fungua konsoli ya kivinjari ujaribu:

```
"5" + 1      // "51"
"5" - 1      // 4
1 + 2 + "3"  // "33"
```

Alama ya + ina kazi mbili. Upande mmoja ukiwa stringi (data ya maandishi, ile iliyo ndani ya alama za nukuu), inaunganisha; pande zote zikiwa namba, inajumlisha. Alama za kutoa, kuzidisha na kugawanya hulazimisha stringi iwe namba, ndiyo maana kwenye fomu ileile punguzo linatoka sawa huku jumla ikiharibika.

Hatua ya 2: Tafuta stringi imeingilia wapi

Tumia `typeof`, inayokutajia aina ya data. Mara nyingi ni `.value` ya kisanduku cha fomu, ambayo ni stringi hata ukiandika `type="number"`. `localStorage`, hifadhi ya data ndani ya kivinjari, nayo hutunza stringi tu.

Hatua ya 3: Geuza mwenyewe, palepale inapoingia

Tumia `Number()`, achana na `parseInt`. Ukiipa `"1,500"`, `parseInt` inaishia kwenye koma na kukurudishia 1 bila kulalamika. `Number` inarudisha `NaN` (yaani "si namba"), na heri kosa linalopiga kelele.

Lakini hapa ndipo saa zinapopotelea:

```
Number("")         // 0
Number("   ")      // 0
Number(null)       // 0
Number(undefined)  // NaN
```

Mtu akiacha kisanduku wazi, unahifadhi sifuri inayofanana kabisa na sifuri aliyoiandika kwa mkono wake. Kukagua `NaN` hakutakusaidia, maana `NaN` haipo. Lazima utupu ukaguliwe kabla ya kugeuza:

```
function somaNamba(s) {
  const safi = s.trim();
  if (safi === "") return null;
  const n = Number(safi);
  return Number.isFinite(n) ? n : null;
}
```

Usiandike `n === NaN`; `NaN` hailingani hata na yenyewe. Usitumie pia `isNaN` ya zamani isiyo na `Number.` mbele: nayo hugeuza kwanza ndipo ikague, kwa hiyo `isNaN("")` ni `false`. Ukishapata jibu, kagua `n === null`. Ukiandika `if (!n)` utaitupa na sifuri halali. Na usiiache hiyo `null` ifike kwenye hesabu, kwa sababu `null + 5` ni 5, na umerudi ulikotoka.

Hatua ya 4: === kila mahali

`===` hailingani aina tofauti, ila `==` hugeuza aina kwanza ndipo ilinganishe. Ruhusu `==` sehemu moja tu: `x == null`, inayonasa `null` na `undefined` kwa pamoja. Kwingine kote washa kanuni ya `eqeqeq` kwenye ESLint (zana inayokagua msimbo wako), na uipe ruhusa ya `null`. Macho ya binadamu huchoka.

Hatua ya 5: Kagua ulinganisho na upangaji

`"10" < "9"` ni `true`, kwa kuwa stringi mbili hulinganishwa herufi kwa herufi. `sort()` inafanya hivyo hata kwa namba halisi: `[10, 9, 1].sort()` inatoa `[1, 10, 9]`. Iandike `sort((a, b) => a - b)`.