Kukua Kiimani kwa Kumpenda Jirani Mmoja: Mwongozo kwa Mkristo wa Nairobi

Wengi wetu jijini tunapotamani kukua kiimani hutafuta kwanza mkesha, semina au mfululizo mpya wa mahubiri, na hakuna ubaya katika hayo. Yohana, hata hivyo, katika waraka wake wa kwanza, anatuelekeza kwingine anapouliza jinsi upendo wa Mungu unavyoweza kukaa ndani ya mtu mwenye riziki ya dunia ambaye amemwona ndugu yake ni mhitaji, kisha akamzuilia huruma zake (1 Yohana 3:17). Niliusoma mstari huo kwa miaka mingi kabla ya kutambua kwamba hautaji umati wala taifa. Unamtaja ndugu mmoja ambaye tayari umemwona. Ninayoyaeleza hapa ni namna ya kuanza na huyo mmoja.

Kabla ya kumtafuta, malizana kwanza na watu wanaokudai. Walawi 19:13 inakataza ujira wa mtu wa kuajiriwa kulala kwako hadi asubuhi, na agizo hilo limo katika sura ile ile inayoamuru mtu ampende jirani yake kama nafsi yake. Keti jioni moja uandike kwenye karatasi: mshahara wa dada wa kazi ambao umeusogeza hadi wiki ijayo, malipo ya soja wa ploti ambayo kila mpangaji anatarajia mwenzake atoe, fundi uliyemwambia arudi mara tatu, na mama mboga ambaye daftari lake lina jina lako tangu mwezi uliopita. Walipe hao kabla ya kutoa mchango wowote mwingine, na ukishindwa kulipa yote kwa mara moja, nenda mwenyewe ukamweleze kila mmoja siku utakayomlipa, badala ya kuzima simu. Nasema hili kwa uchungu, kwa kuwa nimeona sadaka nono zikitolewa Jumapili na watu ambao nyumbani kwao mfanyakazi anaomba nauli ya kumpeleka mtoto kliniki huku mshahara wake mwenyewe ukiwa umezuiliwa. Ndugu wa Uamsho, ile harakati iliyoenea Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1930, walilielewa jambo hili vizuri: aliyeokoka alirudisha alichoiba, akalipa deni, akamwendea aliyemkosea akaungama mbele yake. Toba yao ilionekana kwa majirani, hata kwa wasioamini.

Baada ya hapo, mchague mtu mmoja. Luka 14 inatupa kipimo kizuri, kwa maana Yesu anamwagiza mwenye karamu awaalike wale wasio na cha kumlipa. Mtafute basi mtu asiyeweza kukurudishia wema, anayeishi mahali unapoweza kufika kwa miguu, kwa sababu msongamano wa magari wa Nairobi umeua nia nyingi njema. Ukiishi mtaa wa Umoja na mtu wako akiwa mji wa Kikuyu, utaenda mara mbili kisha utaanza kutuma salamu. Huenda ni mzee wa ghorofa ya chini asiyetembelewa, mama anayemlea mtoto mlemavu peke yake, au kijana aliyetoka gerezani ambaye hata kanisani watu humsalimia kwa mbali. Ombea uchaguzi huo kwa siku kadhaa, lakini usiombe kwa miezi, kwa maana mara nyingi tunaendelea kuomba ili tusianze.

Unapomwendea mara ya kwanza, nenda mikono mitupu, ukasikilize. Mimi nilikosea hapo. Katika jengo tulilokuwa tukiishi alikuwako mama aliyepooza upande mmoja baada ya kiharusi, nami nilimpelekea unga, sukari na maandiko niliyokuwa nimeyaandaa. Alivipokea kwa heshima. Ni katika ziara ya tatu, nilipokosa la kusema nikanyamaza, ndipo aliponieleza kwamba maji ya mgao yakija mjukuu wake hukosa shule ili ayapandishe hadi ghorofa ya nne. Unga alikuwa nao; alichohitaji ni mtu wa kubeba mitungi miwili ya lita 20, mara mbili kwa wiki, kabla ya saa moja asubuhi. Yesu naye alimuuliza kipofu wa Yeriko, "Wataka nikufanyie nini?", ilhali haja yake ilikuwa wazi kwa kila aliyekuwapo njiani. Muulize mtu wako swali hilo hilo, kisha uvumilie jibu lisilolingana na ulilolipanga.

Upangie upendo huo nafasi katika ratiba na katika mfuko wako, kwa kuwa huruma isiyopangiwa nafasi humalizwa na shughuli za jiji. Sheria ya Musa ilimkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembeni kabisa, ili maskini na mgeni wapate cha kuokota. Sisi wa mshahara hatuna kingo za shamba, lakini tunaweza kuziweka: anayepata shilingi 30,000 kwa mwezi anaweza kutenga 1,500 mara tu mshahara unapoingia, mbali na zaka, zisizo na jina la mtu wala kazi maalumu, zikingoja haja itakayojitokeza. Fanya vivyo hivyo na saa zako. Acha jioni moja ya wiki ikiwa wazi kabisa, na mtu akikuomba kikao cha harusi au cha chama jioni hiyo, mwambie kwamba una miadi.

Sasa nije kwenye kiini cha jambo, ambacho mafundisho mengi hukipita haraka. Baada ya majuma sita au saba utachoka. Mtu uliyemchagua atakuwa na maneno makali siku nyingine, au atasahau kushukuru, au atakulinganisha na mtoto wake aliyeko ng'ambo ambaye hajapiga simu kwa mwaka mzima, nawe utaanza kuhesabu ulivyojitolea. Kwenye ngazi za jengo lile, asubuhi ya baridi ya mwezi wa Julai, niligundua kwamba sikuwa na upendo. Nilikuwa na bidii tu, nayo ilikuwa imekwisha. Usikimbie saa hiyo, wala usijilazimishe kutabasamu. Mwambie Mungu waziwazi, hapo hapo ulipo, kwamba humpendi mtu huyu leo, na umwombe akupe upendo wa kukutosha hadi jioni tu. Fungua 1 Wakorintho 13 uisome polepole, ukikaa kwenye maneno "hauhesabu mabaya", ambayo yana maana mpya kwa mtu aliyeshinda usiku akihesabu. Kabla ya hapo nilikuwa nikiomba kwa desturi. Tangu hapo niliomba kama mtu anayeomba maji, na katika miaka yangu yote ya imani sijaona njia nyingine iliyonifundisha kuomba hivyo.

Wanaopita mtaa wa Kariokor hapa Nairobi kila siku huenda hawajui kwamba jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Miongoni mwa waliowauguza wapagazi hao, Voi na baadaye katika hospitali za pwani ya Tanganyika, alikuwamo mtawa wa shirika la Kikatoliki la Consolata kutoka Italia, Irene Stefani, aliyeosha vidonda vya watu ambao wengi hawakuwahesabu hata walipokufa. Vita vilipokwisha alihudumu Gikondi, Nyeri, ambako watu walimwita Nyaatha, yaani mama wa huruma, na mwezi wa Oktoba 1930 alifariki kwa tauni aliyoipata alipokuwa akimuuguza mgonjwa. Kanisa Katoliki lilimtangaza mwenyeheri mjini Nyeri mwaka 2015. Namtaja kwa sababu moja: alimhudumia kila mgonjwa kana kwamba hakuna mwingine, ingawa walikuwa maelfu.

Kuhusu siri, agizo la Mathayo 6 kwamba mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume lina faida mbili. Linakulinda wewe dhidi ya sifa, nalo linamlinda unayemsaidia dhidi ya aibu. Nilisimulia habari ya mitungi katika kikundi chetu cha maombi, nikidhani natoa ushuhuda, na baada ya siku chache mama yule akaniuliza kwa sauti ya chini kama watu wote kanisani sasa wanajua kwamba hawezi kujitekea maji. Nilimwomba msamaha. Usipige picha, usiandike kwenye kundi la WhatsApp, na ikiwa haja inazidi uwezo wako hata ikabidi kuwaomba wengine mchango, omba kwanza idhini ya mwenyewe na umwachie aamue kitakachosemwa.

Mipaka nayo ni ya lazima, ingawa si somo refu. Paulo anaagiza tuchukuliane mizigo, na mistari mitatu baadaye anasema kila mtu atalichukua furushi lake mwenyewe (Wagalatia 6:2, 5). Usimfanyie mtu anachoweza kukifanya, usikope ili kutoa, na ukitoa fedha itoe kama zawadi, kwa maana mkopo usiolipwa huwafanya majirani wawili waanze kukwepana kwenye ngazi. Palipo na ulevi au ukatili wa nyumbani, usiende peke yako; mhusishe mzee wa kanisa au mtu mwenye ujuzi wa kazi hiyo.

Jambo la mwisho lilinichukua muda mrefu kuliko yote, nalo ni kukubali kupewa. Petro alikataa kuoshwa miguu, akaambiwa kwamba asipooshwa hana shirika na Bwana. Mama yule alipopata nafuu kidogo alianza kunichemshia chai kwa mkono wake mmoja, nami nilikuwa nikiaga haraka nikisema nimechelewa kazini, hadi siku moja nilipoona vikombe viwili vimekwisha kuandaliwa mezani kabla sijaweka mitungi chini. Niliketi. Tangu siku hiyo nilianza kuamka nusu saa mapema zaidi.