Kuifuata moduli ya kerneli kwa gdb, mstari kwa mstari

printk, yaani kuchapisha ujumbe kutoka ndani ya kerneli (kiini cha Linux), inatosha mpaka siku moduli, kipande cha msimbo kinachopakiwa ndani ya kerneli, itakapoiangusha mashine kabla ujumbe haujatoka. Hapo ni gdb, programu ya kusimamisha msimbo na kuukagua. Laptopu nyingi zinazouzwa Kampala hazina tundu la siriali la kuunganishia mashine ya pili, kwa hiyo tunatumia QEMU, programu inayoigiza mashine ya pili, zote mbili ndani ya kompyuta moja.

1. Kerneli. Ivute kwa `git clone --depth 1`, la sivyo historia nzima ya Linux italamba bando lako. Washa `CONFIG_DEBUG_INFO_DWARF_TOOLCHAIN_DEFAULT` na `CONFIG_GDB_SCRIPTS`, zima `CONFIG_DEBUG_INFO_REDUCED`, kisha `make` na `make scripts_gdb`.

2. Moduli. Tuiite kahawa.ko. Kwenye Makefile yake ongeza `ccflags-y += -Og`, maana bila hiyo utauliza thamani ya kigeu na kujibiwa `<optimized out>` hadi uchoke. Usiende `-O0`, kuna sehemu za kerneli zisizojengeka bila kompaila kupunguza msimbo.

3. Mashine.

`qemu-system-x86_64 -m 1G -smp 1 -kernel arch/x86/boot/bzImage -initrd initramfs.gz -append "console=ttyS0 nokaslr" -nographic -s`

`-s` inafungua poti 1234. Ukisahau `nokaslr`, kerneli itakaa kwenye anwani ya kubahatisha na vituo vyako (breakpoint, mahali unapotaka msimbo usimame) vitaangukia pasipo na kitu. initramfs ni kifurushi cha faili za mashine hiyo, na kahawa.ko iwemo humo. Faida yake: ipo kwenye RAM tu, umeme ukikatika hakuna diski ya kuharibika humo.

4. gdb. Mashine ikishawaka, fungua terminali nyingine, nenda kwenye saraka ya kerneli:

`gdb vmlinux`
`target remote :1234`
`lx-symbols ~/kahawa`
`break kahawa_init`
`continue`

gdb ikikataa amri ya lx-symbols, andika `add-auto-load-safe-path` na njia kamili ya saraka hiyo ndani ya `~/.gdbinit`. Ikiuliza kama kituo kisubiri moduli, jibu `y`. Sasa fanya `insmod`, amri ya kupakia moduli, ndani ya mashine.

Wengi hukwama hapa. vmlinux haijui moduli itapakiwa wapi. Anwani hupatikana wakati wa insmod. Na kahawa_init, kitendakazi cha kuanzisha moduli (init), imo kwenye `.init.text`, sehemu ambayo kerneli huifuta mara inapomaliza kazi, hivyo kituo ulichochelewa kukiweka hakitafikiwa kamwe. lx-symbols hupakia alama (majina ya vitendakazi na vigeu pamoja na anwani zake) kabla init haijaanza.

Ikikugomea, fanya kwa mkono. Ukiwa root ndani ya mashine, soma anwani za `.text` (msimbo), `.data` na `.bss` (vigeu) katika `/sys/module/kahawa/sections/`, kisha:

`add-symbol-file ~/kahawa/kahawa.ko ANWANI_TEXT -s .data ANWANI_DATA -s .bss ANWANI_BSS`

Ukiipa gdb `.text` peke yake vituo vitafanya kazi vizuri, ila vigeu vya static vitakuonyesha takataka, na utapoteza jioni ukilaumu msimbo usio na kosa. Njia hii haiwahi init. Tena kila rmmod (kuiondoa moduli) na insmod anwani zinaweza kuhama: ondoa za zamani kwa `remove-symbol-file -a ANWANI_TEXT`, usome upya.

Kitendakazi cha static kisichosimama huenda kimemezwa na kinachokiita. Kipe `noinline`, jenga tena.